Bolti Nne za Mkokoni

Kwenye hitima ya Bi Somoe, kule Amu, ndiyo Lamu, nilikalishwa sinia moja na wanaume watatu. Aliyekuwa karibu yangu, goti kwa goti, ni mjukuu wake, Twalib, kijana mchangamfu wa miaka thelathini hivi mwenye simu mbili. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Voi. Binti wa marehemu, Maimuna, ndiye aliyenipigia. "Mama ametutoka, baba," alisema. "Aliusia wewe uambiwe mapema." Hakusema kwa nini, nami sikuuliza kwa sababu nilijua. Basi nilikuwa pale, mzee wa kanisa mwenye miaka zaidi ya themanini, kichwani nimevaa kofia ya kuazima, mkono kwenye pilau, Twalib aliponigeukia kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni wa kuongea naye. "Mzee, wewe si ndiye fundi wa redio wa Mkokoni? Basi ulimuona babu yetu Shee, yule aliyeunguza redio ya serikali kwa kamba!" Wale wawili wengine wakakumbuka kwamba tuko msibani, wakakimeza kicheko pamoja na wali. "Mpaka anakufa watu walimwita Shee wa Kamba," Twalib akaendelea. "Hapa Amu, ukifanya kazi ya ovyo, waambiwa umeifunga kama Shee." Mimi nikatabasamu. Nilitabasamu na pilau mdomoni, tabasamu la adabu, lile ambalo watu wazima hulitoa kwa vijana, na papo hapo nikasikia kinyaa. Nimekuwa mtu wa kinyaa maisha yangu yote. Ila zamani nilidhani kinatoka kwa watu wengine.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa pili baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, fundi wa redio wa serikali, nimefundishwa Nairobi miezi sita na nikatoka huko nikiamini elimu imeishia kwangu. Mpaka wa kaskazini haukuwa na amani. Watu wenye bunduki walikuwa wakivamia vijiji vya upande wa bara, na vijiji kadhaa vilikwisha kuambiwa vihame, watu waache mashamba na visima na makaburi yao waende kubanana visiwani. Mkokoni walikuwa wamekataa. Baada ya maneno mengi wakapewa sharti: wakiwa na redio koli ya kutuma habari Amu kila asubuhi na kila jioni, watakaa, wasipokuwa nayo, watahama kama wenzao. Nikatumwa mimi na redio moja mpya kwenye boksi, niifunge, niitunze, mpaka mkaguzi aje kuipitisha. Hiyo ndiyo kazi iliyowekwa mikononi mwangu, na mikono yenyewe nilikuwa nikiinawa mara kumi kwa siku.

Kijiji kiko bondeni, na kutoka bondeni sauti haikufika Amu hata nipige kelele namna gani. Ilifika ukipanda juu ya kilima cha mchanga nyuma ya mashamba. Umeme hakuna. Kilichokuwepo ni gari moja, gari la kabla ya vita kuu, lenye matairi membamba na taa mbili zilizotokeza mbele, lililoachwa pale na mfanyabiashara wa pamba aliyerudi kwao. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Nililisafisha nikiwa nimefunga leso puani, nikaliwasha, na ajabu likawaka. Lakini redio ilikuwa ya kisasa, ya transista, na ilitaka volti kumi na mbili. Gari lilikuwa la volti sita. Tena lilikuwa moja ya yale magari ya zamani ambayo upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, hali redio ganda lake lote lilikuwa upande wa hasi. Volti hazikunisumbua sana. Nilipata betri ya pili ya volti sita, nikaiunga mfululizo na ile ya gari, na kila siku nikawa nazibadilisha nafasi ili dainamo izijaze kwa zamu. Jambo gumu lilikuwa lile la pili: ganda la redio halikutakiwa liguse chuma chochote cha gari. Likigusa tu, nguvu ya betri zote mbili ingepita hapo kwa mkupuo, tena bila kupitia kwenye fyuzi, kwa sababu fyuzi ilikuwa kwenye waya mwekundu na umeme ungeshika njia ya waya mweusi. Nikajaribu ubao, misumari ikalegea. Nikajaribu mikanda ya ngozi, ikanyooka. Gari lile lilitikisika hata likiwa limesimama, na kila tulipopanda kilima redio ilikuwa inaniangukia miguuni.

Nilikuwa nalala kwenye chumba cha uani kwa Bi Somoe, mjane wa kama miaka thelathini, mwenyeji wa kisiwa cha Pate aliyeolewa Mkokoni. Niseme wazi jinsi nilivyokichukia chumba hicho. Nyuma ya ukuta wa makuti kulikuwa na debe la sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo vya baharini, na harufu yake ilikaa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye mkate wangu. Bi Somoe alikuwa akisokota kamba za makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi na miezi mpaka yaoze, kisha hufukuliwa na kupondwa kwa rungu, na siku za kufukua nilikuwa natoka kijijini nikakae juu ya kilima na redio yangu. Mchana tulikula mchuzi wa papa mkavu. Siku ya kwanza waliniwekea sinia pamoja na Bi Somoe, Maimuna aliyekuwa bado mtoto mdogo, na kaka yake Bi Somoe, Shee. Nilitazama vidole vyao, vya Shee vikiwa vyeusi kwa sifa hadi kwenye mizizi ya kucha, nikasema kwamba sisi wa bara tumezoea kila mtu na sahani yake. Uongo mtupu, kwetu nilikula chungu kimoja na ndugu zangu. Bi Somoe alinyanyuka akaniletea sahani ya bati, akaipangusa kwa kanga yake, nami nikaipangusa tena kwa leso yangu mbele ya macho yake.

Jioni moja, nikiwa nimejilaza, nikawasikia wanaongea uani kwa lahaja yao, ambayo macho huwa mato na mwache huwa mwate. "Kijana huyu," alisema Shee, "pua lake laona mbee kuliko mato yake." Bi Somoe akacheka, kisha akamwambia, "Mwate, Shee. Mgeni nti hii haiyui bado. Kaisaidie hiyo redio yake, yamwanguka kila siku." Shee akasema, "Hajaniomba." Bi Somoe akasema, "Wewe wangoja kuombwa na mtoto?" Nilikasirika kuitwa mtoto. Lakini kesho yake asubuhi Shee alikuja kwenye gari bila kuitwa, akazunguka redio mara mbili, akauliza swali moja tu: "Isiguse chuma, ndiyo shida?" Nikasema ndiyo. "Basi hiyo kazi ya baba yangu," akasema.

Baba yake alikuwa mshonaji wa mitepe kule Pate. Mtepe ni chombo cha zamani kisichokuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake hutobolewa na kushonwa kwa kamba ya makumbi, na matundu huzibwa kwa vigingi vya mti. Wakati huo mitepe ilikuwa imekwisha, na mshono Shee aliukumbuka kwa mikono tu, hakuwa na pa kuutumia. Alichonga kitako cha ubao, akatoboa ubao na sakafu ya mbao ya gari, akapitisha kamba za dada yake kwenye masikio manne ya redio, akashona kwa kuvuka na kurudi, akavuta kwa meno na kwa mguu, akapiga vigingi, kisha akapaka sifa juu ya kila fundo kwa kitambaa. Nilisimama mbali upande wa upepo. Eriali akaifunga juu ya mti wa mkoko, vivyo hivyo kwa kamba. Alipomaliza alinishika mkono, mkono wangu safi, akauweka kwenye redio. "Tikisa." Nikatikisa. Ilicheza kidogo sana, kisha ikarudi mahali pake. "Chombo kilichoshonwa hucheza na mawimbi," alisema. "Chuma hakiyui kucheza. Chuma chakata." Nami nilichofanya ni kwenda kunawa.

Miezi minne redio ile haikusogea. Kila asubuhi tulipanda kilima, mimi kwenye usukani, Shee pembeni, na nusu ya kijiji nyuma yetu kwa miguu. "Amu, Amu, hapa Mkokoni," nilikuwa nasema, na Amu ikijibu watu walikuwa wakitazamana kama waliopewa salamu na jamaa yao. Wakarudi kupalilia mahindi bila wasiwasi. Mwanamume mmoja alianza kujenga nyumba ya mawe, na sijawahi kusahau hilo. Shee kila siku, kabla hatujashuka, alikuwa akiinama na kupitisha kidole kwenye mshono wake, fundo kwa fundo. Kamba zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa sifa na vumbi, na kwa siku za jua gari lilinuka kama soko la samaki. Mimi nilikuwa naweka kichwa nje ya dirisha.

Kisha Amu ikaniambia, kwa redio ile ile, kwamba mkaguzi atafika keshokutwa. Shee alikuwa amekwenda Pate kuchukua mbegu, angerudi siku hiyo hiyo ya ukaguzi. Nikalitazama gari langu kwa macho ya mkaguzi. Niliona redio mpya ya serikali huru imefungwa kwa kamba zinazonuka papa. Nikawaza atakavyocheka, na atakavyowasimulia wenzake Mombasa juu yangu, fundi Mwakio aliyegeuka Mbajuni kama wenyeji wake. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto. Ndani ya sanduku langu nilikuwa na bolti nne mpya zinazong'aa pamoja na nati zake. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vya mviringo, niviweke kati ya chuma na chuma ili umeme usipite. Nilijua ninachofanya, sitaki mtu afikiri sikujua. Nilikuwa nimeshaanza kuzikata kamba kwa kisu Bi Somoe alipokuja na birika la chai.

"Wafanyani, fundi?"

"Naitengeneza redio, Bi Somoe."

"Hiyo mbovu?"

"Si mbovu. Ila huyu ni mtu mkubwa anakuja. Siwezi kumuonyesha kamba zinazonuka."

Akalitua birika mchangani. "Ngoja Shee aye. Ni keshokutwa tu."

"Bi Somoe, mimi ndiye fundi hapa."

Alinitazama sana. "Kamba zanuka," alisema. "Na siswi je? Twanuka?"

Nilikata fundo lililofuata. Akaondoka, chai akaniachia, nami nikainywa. Vipande vya kamba nikavisukuma chini ya kiti, kwa kuwa sikutaka mtu yeyote avikute nje. Kwa bolti nikaibana redio kwenye chuma cha kiti, nikapima, umeme haukuvuja. Ilipendeza. Nakumbuka nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama, nikajipongeza.

Mkaguzi alikuwa mtu wa bara kama mimi, mnene kidogo, mwenye soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Alitoka kwenye boti akiwa amekunja uso, na akaukunja vivyo hivyo siku nzima. Watu walimsalimu, akina mama wakamletea madafu, naye akayapokea kwa ncha za vidole. Moyoni nilisema, huyu ni mwenzangu. Shee alikuwa ameshuka kutoka Pate muda mfupi kabla yake, hakupata hata nafasi ya kulisogelea gari. Mkaguzi akaketi mahali pa Shee, bila kutupa jicho hata mara moja chini ilikofungwa redio. Nilingoja azisifu bolti zangu. Alichouliza ni kama kiti hakina kunguni. Tukaanza kupanda. Gari likaruka na kutua, likaruka na kutua, na kila lilipotua bolti ziliusaga ule mpira, kidogo kidogo, mpaka chuma kikakutana na chuma. Tulikuwa karibu kufika juu. Nilisikia mlio mkali, nikaona waya mweusi unageuka mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kabla sijafika kwenye betri kuzichomoa, zile kamba zilizolowa sifa chini ya kiti zikashika moto. Mkaguzi aliruka nje na soksi moja imeungua. Tulimwagia mchanga, watu wote, kwa mikono na kwa makapu. Gari lilipona nusu. Redio haikupona.

Moshi ulipotulia, mkaguzi aliokota kijiti akachokoa majivu, akakiinua kipande cha kamba kilichoungua. Akakileta karibu na pua, akakitupa. "Hii ni nini?"

Wote walikuwa pale. Walisimama kwa nusu duara, mchanga mikononi. Ningeweza kusema maneno matatu.

"Kamba, bwana," nikasema. "Wenyeji waliifunga kwa kamba. Za mafuta ya papa."

"Na wewe ukakubali?"

"Walisema ndiyo desturi yao, bwana."

Akatema mate. Akawaambia watu kwamba serikali haiwezi kumpa redio mtu asiyejua tofauti ya redio na mtumbwi, na kwamba wana siku kumi za kuhama. Hakuna aliyelia. Yule aliyekuwa anajenga nyumba ya mawe aliketi chini. Shee alisogea mpaka mbele yangu, mbegu zake za Pate bado ziko kwenye kikapu begani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayetaka kujua tu, "Kamba yangu, fundi?" Nikatazama viatu vyangu. Basi naye akaamini. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo: alitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua, na nikaona anatafuta ni fundo gani alilolikosea. Nyuma yake Bi Somoe alikuwa ameinama kwenye majivu. Alichukua kitu, kikamuunguza, akakifunga kwenye pindo la kanga. Akafanya hivyo mara nne, mara moja kwa kila bolti.

Siku ya kuhama, vitu vyote vikiwa vimeshafungwa, Bi Somoe alipika kwa mara ya mwisho uani pale. Aliweka sinia moja. Sahani yangu ya bati ilikuwa imekwisha kuingia kwenye kapu, na hakuitoa. Shee hakuwepo, alikuwa pwani akipakia. Tukakaa, yeye na Maimuna na mimi, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki, nami nikala. Nilikula sana, kwa mkono, bila kusikia harufu yoyote. Nilipomaliza akaninawisha maji, akasema huku anamwaga, "Shee simwambii. Wala yule mkubwa wako sikumwambia. Utasema mwenyewe, fundi. Mimi si ulimi wako."

Nilipewa karipio dogo kazini na mwaka uliofuata nikapandishwa cheo. Shee alikwenda Matondoni kutafuta kazi ya vyombo, na kila fundi aliyemwendea alikuwa ameshasikia. Nani angempa chombo mtu ambaye kamba yake iliwahamisha watu makwao? Aliishia kuchunga punda wa mizigo Amu, wa watu. Niliwahi kumuona, miaka kama kumi baadaye, nikiwa na suti na mkoba. Alikuwa anashuka na punda wawili kwenye kichochoro chembamba. Niliingia mlango wa duka ambalo sikuwa na haja nalo, nikasimama nimeupa mgongo mlango mpaka kwato zikapita. Nilijiambia ni kwa sababu ya harufu ya punda. Kwa Bi Somoe nilituma salamu kila Idi, naye alizijibu kila mara kwa maneno yale yale: amesikia, na anangoja. Amengoja mpaka wamemfukia.

Haya yote yalinipita kichwani nikiwa na tabasamu lile usoni, mbele ya sinia. Twalib alikuwa bado anasubiri niongeze uhondo kwenye hadithi yake. "Eti kamba," alisema, akitikisa kichwa. "Wazee wetu nao!"

"Haikuwa kamba," nikasema.

"Nini, mzee?"

"Kamba ya Shee ilikaa miezi minne haikulegea. Niliikata mimi kwa kisu. Nikafunga bolti nne, kwa kuwa niliionea aibu kamba yake. Bolti ndizo zilizounguza redio. Nikamsingizia yeye mbele ya watu, naye akafa akidhani ni kweli."

Wale wawili wengine waliacha kutafuna. Upande wa pili wa pazia, walikokuwa wanawake, niliisikia sauti ya Maimuna ikisema "Alhamdulillahi," polepole, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Twalib alinitazama kuanzia kofia ya kuazima hadi vidole vyangu vilivyokuwa ndani ya pilau, karibu na vyake. Kisha akalivuta goti lake mbali na langu, akautoa mkono kwenye sinia ukiwa bado na wali, na akaita aletewe maji ya kunawa.